Pendulamu ndani ya treni ya kasi ya mwanga: mwanafunzi kanibana, wajuzi wa fizikia njooni

Mwalimu wa Tempo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha tempo ya fizikia, kidato cha tano na cha sita. Chumba kimoja cha uani, mabenchi sita, ubao umechoka. Jumamosi nimepatikana, na Jumamosi ijayo sina pa kujificha, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Swali nilitunga mwenyewe. Pendulamu ya uzi wa mita 1 inaning'inia ndani ya treni. Treni inapita kituoni kwa 0.8 ya kasi ya mwanga. Aliyesimama kituoni atapima mbembeo mzima, kwenda na kurudi, kwa sekunde ngapi?

Jibu langu lilikuwa la kawaida. Aliye ndani ya behewa anatumia T = 2π√(L/g), ambapo T ni muda wa mbembeo mzima, L ni urefu wa uzi na g ni mchapuko wa mvutano, 9.8; anapata sekunde 2.01. Gama (γ), yaani mara ngapi muda unatanuka kwa kasi hiyo, ni 5/3. Saa inayokwenda huonekana inachelewa, kwa hiyo wa kituoni anapata 2.01 mara 5/3, yaani 3.35. Nikapiga mstari chini ya jibu, nikageuka kunywa maji.

Binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, treni iache. Tuseme ni roketi, inapanda juu, na uzi wa pendulamu uko sambamba na mwendo. Uzi si unafupika? Mita 1 inakuwa sentimita 60. Nimeweka 0.6 kwenye fomula, nimepata sekunde 1.55. Imepungua. Na wewe umesema muda unaongezeka. Tuandike lipi?"

Darasa zima likanitazama. Nikawaambia tutaendelea kipindi kijacho. Mwalimu akisema hivyo, mnajua wenyewe.

Kibarua wa Zege

Nimeweka kambi hapa. Kahawa ninayo, kashata ninayo.

Mtani wa Kigoma

Uzi unafupika? Naomba huu wa kwako usifupike, ndiyo kwanza nimefika.

Chizi wa Namba

Mkuu, huyo binti mtunze. Kosa lake ni moja tu: amefupisha L, halafu g akaiacha vilevile kana kwamba yenyewe haihusiki.

Mchapuko ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Sekunde imo humo mara mbili. Sasa kama sekunde za behewani na za kituoni hazilingani, g itabakije salama?

Tuanze na treni yako. Uzi umening'inia wima, treni inakwenda mlalo. Kufupika kunatokea kwenye mstari wa mwendo peke yake, kwa hiyo uzi haupungui hata unywele. L ni mita 1 kwa wote wawili. Lakini funguo ukiiachia behewani ikaanguka, wa kituoni anaona imeshuka kimo kilekile kwa muda mrefu zaidi mara gama. Muda unaingia mara mbili kwenye mchapuko, basi g inagawanywa kwa γ². Kwa 0.8, ile 9.8 inakuwa 3.528. Weka kwenye fomula: 2π√(1/3.528). Unapata 3.35. Ni jibu lako lilelile, ila sasa unajua limetoka wapi.

Roketi ya binti: hapa mchapuko uko kwenye mstari wa mwendo. Muda uliotanuka unaingia mara mbili na umbali uliofupika unaingia mara moja, kwa hiyo g inagawanywa kwa γ³. Ile 9.8 inabaki 2.12. Uzi ni 0.6. Piga 2π√(0.6/2.12). Utaniambia umepata ngapi.

Mwalimu wa Tempo

3.34 na kitu. Nisipokata desimali inatua palepale 3.35.

Mkuu, nimeipiga mara tatu.

Chizi wa Namba

Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ingetoka tofauti, ungeweza kulaza pendulamu moja na kusimamisha nyingine, ukalinganisha, ukajua roketi yako inakwenda kasi gani bila kuchungulia dirishani. Nadharia nzima ya Einstein ya 1905, uhusianifu maalumu, imejengwa kwa kukataa jambo hilo.

Kwa roketi weka angalizo dogo. Inachapuka, kwa hiyo kasi yake haitulii. Lakini kwa mchapuko wa 9.8 inahitaji kama mwaka mzima ili ifike mahali ambapo kasi ya mwanga inaanza kunusa karibu. Ndani ya sekunde tatu za mbembeo mmoja, kasi ni ileile tu kwa matumizi yetu.

Bint Pwani

Naongezea kitu ambacho wengi wanakiruka. Mmezungumzia uzi, mmesahau upande ambao pendulamu inabembea.

Ikibembea kukatisha behewa, dirisha la kushoto kwenda la kulia, hakuna vituko. Ikibembea kufuata reli, mbele na nyuma, wa kituoni anaona jambo la ajabu: kwenda mbele kunachukua muda mrefu kuliko kurudi nyuma. Tiki na toki hazilingani.

Chanzo si kufupika wala kutanuka. Ni kwamba "sasa" ya mbele ya behewa na "sasa" ya nyuma ya behewa, kwa mtu wa kituoni, si sasa moja. Kila kitu kilichosogea mbele kwa umbali x kinaongezewa vx/c² kwenye hesabu yake ya muda, kisha yote inazidishwa kwa gama. Chukua pendulamu inayofika sentimita 10 kila upande. Kutoka ncha ya nyuma mpaka ncha ya mbele ni sentimita 20. Kwa 0.8 ya kasi ya mwanga, nusu ya kwenda inaongezeka karibu nanosekunde 0.9 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na nusu ya kurudi inapungua nanosekunde 0.9 hiyohiyo. Ukijumlisha mbembeo mzima zinafutana, unabaki na 3.35 ya mwalimu.

Kwa hiyo swali likisema "nusu mbembeo", anayezidisha kwa gama tu amekosea. Mimi ningeliweka kwenye mtihani kwa makusudi kabisa.

Kibarua wa Zege

Dada, wewe ndiye uliyekuwa unatunga ile mitihani ya majaribio ya kanda iliyotutoa machozi?

Bint Pwani

Hapana, ila niliwahi kusahihisha. 😂

Mtani wa Kigoma

Kwanza heshima kwenu. Pili, nani kati yenu amepanda hiyo treni? Mnapanga gama kama mtu anayegawa urithi wa jirani. Mimi kitu ambacho hakijapimwa naita hadithi.

Bint Pwani

Treni haijapandwa, saa zimepandishwa. Oktoba 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria za kawaida wakiwa na saa nne za atomu, wakazunguka dunia mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Waliporudi walizilinganisha na zile zilizobaki Washington. Za mashariki zilikuwa nyuma kwa nanosekunde 59, za magharibi zilikuwa mbele kwa nanosekunde 273. Humo kuna mambo mawili, kasi na kimo, na kanuni za kuyapigia hesabu yote mawili zilikuwepo kabla ya kuruka.

Ukitaka kasi kubwa kweli, uliza CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya. Kuna chembe inaitwa myuoni. Ikiwa imetulia, huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 (sehemu za milioni za sekunde) kisha inavunjika. Walizizungusha kwenye duara la sumaku, gama ikiwa 29.3, na matokeo yaliyotoka mwaka 1977 yalionyesha zimeishi karibu mikrosekunde 64. Gawanya mwenyewe.

Mtani wa Kigoma

64 kwa 2.2... 29 na ushee. Haya, nimekaa chini. Lakini myuoni si pendulamu, hilo sijalikubali.

Mzee wa Saa

Wanangu, hamjambo.

Mimi gama siijui. Nimetengeneza saa tangu ujana, za mkononi na za ukutani, na pendulamu nimezishika nyingi kuliko wote mlioandika hapo juu mkijumlishwa. Huyu kijana wa Kigoma amegusa jambo bila kujua, na ninyi mmempita kama hamkumsikia.

Nina wateja wanaonunua saa ya ukutani ya zamani Dar, ile ya kugonga, fimbo ya mbao na sahani ya shaba chini. Naipima dukani wiki mbili, inakwenda sawa na redio. Mteja anaipeleka Mbeya. Baada ya mwezi napigiwa simu: mzee, saa yako inabaki nyuma, kama dakika moja na nusu kila wiki. Zamani nilidhani ni barabara, mitikisiko. Nikawa nalaumu mabasi. Kumbe saa za mkononi zilizosafiri basi lilelile hazikuwa na neno.

Saa ya mkononi ukiondoka nayo umeondoka nayo yote, springi yake imo ndani na kigurudumu chake kimo ndani. Ya kubembea unaondoka na nusu. Nusu nyingine ni ardhi uliyoiacha. Sasa mwalimu ameitia ndani ya treni, ardhi iko nje inakimbia kurudi nyuma, na ninyi mnaandika g kana kwamba nayo ilikatiwa tiketi.

Kibarua wa Zege

Shikamoo mzee. Kahawa imepoa ghafla.

Chizi wa Namba

Shikamoo mzee wangu. Umenipiga pazuri, na sitabisha, maana Einstein mwenyewe yuko upande wako.

Kwenye makala yake ya 1905 aliandika kwamba saa iliyowekwa ikweta itakwenda polepole kidogo kuliko saa ya namna hiyohiyo iliyowekwa kwenye ncha ya dunia, kwa sababu ikweta inazunguka. Alichagua kwa makini: alisema saa ya kigurudumu na springi. Makala ilipochapishwa upya baadaye, ikatiwa tanbihi kwamba saa ya pendulamu haihusiki, kwa kuwa hiyo ni mfumo ambao dunia nayo ni sehemu yake. Ni maneno yako mzee, kasoro tiketi.

Utamu zaidi ni kwamba hata utabiri wenyewe haukusimama. Ikweta inazunguka mita 465 kwa sekunde. Hesabu ya kasi peke yake inasema saa ibaki nyuma nanosekunde 100 hivi kwa siku. Lakini dunia imetuna ikwetani, ncha ziko karibu na kitovu kwa kilomita 21, na mvutano nao unachelewesha saa. Mambo hayo mawili yanafutana. Saa ya atomu iliyo usawa wa bahari Mombasa na iliyo usawa wa bahari huko kwenye barafu ya kaskazini zinakwenda mwendo mmoja. Mwaka 1905 hakuna aliyekuwa na nadharia ya kumwonyesha hilo. Aliipata mwenyewe miaka kumi baadaye.

Na pendulamu je? Hiyo haijali nanosekunde. Kati ya ncha na ikweta g inashuka kutoka 9.832 mpaka 9.780, na saa ya kubembea inabaki nyuma karibu dakika nne kwa siku. Jean Richer aliliona mwaka 1672 alipopeleka saa yake kutoka Paris mpaka Cayenne, Amerika ya Kusini: ikawa inapoteza dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kuufupisha uzi. Wapo waliosema ni joto limerefusha chuma. Newton akasema hapana, ni umbo la dunia.

Mzee, simu zako za Mbeya ni za Richer tupu. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Nimepiga hesabu ya kimo, nikaondoa mvuto wa ardhi iliyo chini ya mji na ile tofauti ndogo ya kuwa mbali zaidi na ikweta. Inatoka sekunde kumi na kitu kwa siku. Kwa wiki ni dakika moja na nusu, au kuzidi kidogo.

Mzee wa Saa

Marahaba. Basi mabasi nimeyaonea miaka mingi.

Bint Pwani

Hapo kuna kitu kizuri sana, acheni nikitoe. Beba saa mbili mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895: moja ya pendulamu, moja ya atomu. Ya pendulamu inabaki nyuma kwa sekunde kati ya 50 na 80 kwa siku, kwa sababu g imepungua. Ya atomu inatangulia kwa nanosekunde 55 hivi kwa siku, kwa sababu huko juu muda wenyewe unakwenda haraka zaidi. Mlima mmoja, saa mbili, kila moja na njia yake. Ya pili inakuambia habari za muda. Ya kwanza inakuambia habari za mlima.

Mwalimu wa Tempo

Ngojeni, ngojeni. Naandika. Kwa hiyo 3.35 yangu ni sahihi au si sahihi?

Chizi wa Namba

Kwa roketi ni sahihi. Roketi inabeba g yake yenyewe, injini inasukuma sakafu, sakafu inasukuma kila kitu. Nusu ya pili ya saa imo ndani ya chombo.

Kwa treni juu ya dunia si sahihi. Nilivyoandika mwanzo nilidhania kimyakimya kwamba aliye ndani ya behewa anapima 9.8. Nani kampa 9.8? Wa kituoni ndiye mwenye 9.8, yeye ndiye amesimama juu ya dunia iliyotulia. Abiria anaona dunia yote inampita kwa kasi, na mvutano wa dunia inayopita haulingani na wa dunia iliyosimama. Uhusianifu maalumu hapo unaishiwa maneno, inabidi umuite kaka yake wa 1915, uhusianifu wa jumla, nadharia ya Einstein ya mvutano.

Na hata kabla ya kufika huko, treni yenyewe haiwezekani kwa sababu ya kitoto kabisa. Dada Pwani malizia.

Bint Pwani

Dunia ni duara.

Treni ikifika kilomita 7.9 kwa sekunde inakuwa satelaiti. Haina uzito tena, pendulamu inaelea, ukiisukuma inazungukazunguka pale kwenye uzi wake, ukiiacha inaduwaa. T haina mwisho. Na hiyo ni kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde, ambayo kwa mwanga ni konokono: gama yake inatofautiana na 1 kwenye desimali ya kumi.

Endelea kuongeza na uilazimishe treni ishike reli. Kwa 0.8 ya kasi ya mwanga, kule kutupwa nje kunazidi uzito mara milioni 900. Pendulamu ya mwalimu itasimama ikielekea darini, inabembea juu chini, mbio ajabu, na uzi ukiwa wa chochote unachokijua utakuwa umekatika zamani. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "abiria wote wamekufa", mpe alama moja ya ukweli.

Kibarua wa Zege

😂😂 Alama moja ya ukweli.

Nati na Bolti

Wakuu nami niingie na jaribio la kinyumbani, msinicheke.

Mwaka jana nilipanda SGR kwenda Dodoma, nikafunga nati kwenye uzi nikaining'iniza kwenye kile kichanja cha mizigo. Uzi sentimita 25, mbembeo mzima sekunde moja kasoro hakuna. Treni ilipokuwa inaondoka kituoni nati iliegemea nyuma, ikakaa hivyo mpaka mwendo ulipotulia. Baadaye skrini ikaandika 160 kwa saa. Nikahesabu mibembeo 100 kwa simu. Nilirudia mara nne: 100.3, 99.8, 100.1, na ya nne mtoto wa jirani aliishika nati.

Swali langu: kwa kasi ile nilipaswa kuona nini?

Chizi wa Namba

Mkuu nakupenda bure.

Kilomita 160 kwa saa ni mita 44.4 kwa sekunde. Kutanuka kwa muda kwa kasi hiyo ni sehemu 1.1 katika trilioni mia. Kwa safari nzima ya saa tatu na nusu, saa yako inabaki nyuma kwa sehemu ya saba ya nanosekunde moja. Huwezi kuiona kwa nati, wala kwa simu, wala kwa sala.

Lakini kuna kitu kingine kikubwa kuliko hicho mara bilioni 28, na hakuna aliyekitaja: Dodoma iko magharibi ya Dar, karibu moja kwa moja. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ukiwa umekaa Dar tayari unazungushwa, na kuzungushwa huko kunakupunguzia uzito kidogo. Treni ikikimbia magharibi inaupunguza mzunguko huo kwako, unakuwa mzito zaidi. Ikirudi mashariki inauongeza, unakuwa mwepesi. Jambo hilo lina jina la Eötvös, Mhungaria, aliyelifafanua kwa vipimo vya mvutano vilivyokuwa vinafanywa kwenye meli.

Hesabu yake: ukienda Dodoma kwa 160 bila kupunguza, pendulamu inatangulia sekunde 1.1 kila saa. Ukirudi Dar inachelewa sekunde 1.2 kila saa. Hazilingani kabisa kwa sababu mviringo wa dunia unapunguza uzito kidogo uende upande wowote. Halafu toa kimo: Dodoma ni mita 1,100 na kitu, ukikaribia huko pendulamu inapoteza kama sekunde 0.4 kwa saa.

Kwa mibembeo yako 100, tofauti ya kwenda ilikuwa sekunde 0.03. Kidole chako kwenye simu kinakosea sekunde 0.2 kila unapobonyeza. Hukushindwa, ulihitaji saa nzima ya utulivu, na uzi usiochoka, na behewa lisilo na mtoto.

Nati na Bolti

Mtoto alikuwa na haki, nati ilikuwa inang'aa.

Mkaazi wa Voi

Sasa wadau. Yetu ya Mombasa–Nairobi ni 120 kwa saa na haielekei magharibi kamili, inakata kaskazini-magharibi na kupanda juu zaidi ya mita 1,600. Kwa hiyo kasi inatutanguliza, kimo kinaturudisha. Mtu apige hesabu tujue kama tukifika tuko sawa na tulivyoondoka.

Chizi wa Namba

Tukadirie kilele cha mambo, karibu na Nairobi: kimo kinachukua sekunde 0.6 kwa saa. Kasi, kwa sehemu ile inayoelekea magharibi, inakupa kama hiyohiyo. Mko karibu sare huko mwishoni. Lakini huku chini pwani, kabla ya kupanda, mnatangulia. Mkifika jumla mko mbele kidogo.

Bint Pwani

Mmeona kitu lakini? Saa za Hafele na Keating: mashariki zilichelewa, magharibi zikatangulia. Pendulamu ya SGR: mashariki inachelewa, magharibi inatangulia. Sheria mbili tofauti, ukubwa tofauti kupita kiasi, mzunguko ni uleule wa dunia.

Mtani wa Kigoma

Hapo nimekubali. Nilisema myuoni si pendulamu, kumbe nilikuwa na akili.

Mwalimu wa Tempo

Wakuu, mrejesho. Jumamosi imepita.

Nilianza kwa kumwomba yule binti radhi mbele ya wenzake, kisha nikampa chaki. Aliandika γ³ mwenyewe, nilimsaidia mstari mmoja tu. Swali nimelibadilisha: treni imekuwa roketi, na nimeongeza kipengele cha nusu mbembeo, dada Pwani asante kwa ukatili wako. Kipengele cha mwisho nimeuliza kwa nini roketi inakubalika na treni haikubaliki. Kati ya 23, wanne wameandika neno "dunia". Mmoja aliandika "treni ingeruka", nikampa alama ya ukweli.

Binti hakuandika jibu la kipengele hicho, ameandika swali: dunia inayompita abiria kwa 0.8 ya kasi ya mwanga imefupika, imekuwa kama chapati iliyosimama wima. Je, g inayopimwa dirishani wakati chapati inapita ni kubwa au ni ndogo?

Chizi wa Namba

Ni kubwa. Dunia inayopita inamvuta abiria wa pembeni kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa imesimama, si pungufu. Kwa maana hiyo, ukiacha ule mviringo wa reli, pendulamu ya behewani ingebembea upesi kuliko alivyozoea nyumbani. Namba kamili mwambie aisubiri chuo kikuu, na akifika huko asikubali kuambiwa "tutaendelea kipindi kijacho".

Mwalimu wa Tempo

Hilo la mwisho nimelisikia.

Mzee wa Saa, nina la kwako. Shemeji yangu anahamia Mbeya na ana saa ya kubembea ya marehemu baba yake. Aifanyeje?

Mzee wa Saa

Kabla ya kusafiri aitoe fimbo, aifunge kwenye kitambaa, isining'inie njiani. Akifika aitundike wima kweli, ukuta wa ndani, mbali na jiko. Aiache siku tatu bila kuigusa.

Kisha chini ya sahani kuna nati ndogo. Akiizungusha kulia sahani inapanda na saa inakwenda upesi. Kwa Mbeya, kama fimbo ni zile fupi za kawaida, robo mzunguko ni nyingi. Aguse tu, asubiri wiki, asikilize redio, aguse tena.